Greensboro: uwanja wa gofu uliokodishwa kwa dola moja

Katika mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina nchini Marekani, wanaume sita weusi walikamatwa mwaka 1955 kwa kosa la kucheza gofu katika uwanja uliojengwa kwa fedha za umma. Kesi yao ilifika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na hoja waliyoisimamia ikaja baadaye kufungua milango ya mahospitali.

Greensboro si mji mkubwa kwa vipimo vya Marekani. Uko kati ya Charlotte na Raleigh, na kwa muda mrefu ulijulikana zaidi kwa viwanda vyake vya nguo, hususan vitambaa vya jinzi. Katika sensa ya mwaka 1950 ulikuwa na wakazi 74,389, na katika sensa ya mwaka 2020 idadi hiyo ilikuwa imefikia 299,035. Hata hivyo, mgeni anayependa gofu akifika huko hushangazwa na wingi wa viwanja vizuri vilivyouzunguka mji huo.

Mgeni wa aina hiyo kwa kawaida huuliza maswali matatu: uwanja upi ni mzuri, ada yake ni kiasi gani, na je, asiyekuwa mwanachama anaruhusiwa kuingia? Swali hilo la tatu ndilo lililoubeba mji wa Greensboro kwa miaka saba, na jibu lake halikutolewa na wachezaji bali na mahakimu.

Vilabu vya matajiri

Gofu iliota mizizi mapema katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1900 Donald Ross, fundi wa viwanja kutoka mji wa Dornoch huko Scotland, alihamia Pinehurst, kijiji cha mapumziko kilicho kusini mwa Greensboro. Kutoka hapo alichora mamia ya viwanja kote Marekani, na umashuhuri wake ukawavuta matajiri wa miji ya jirani.

Klabu ya Greensboro Country Club ilianzishwa mwaka 1909, wakati viwanda vya nguo vilipokuwa vikistawi. Mwaka 1926 ukafunguliwa uwanja wa Sedgefield, kusini-magharibi mwa mji, nao ulichorwa na Ross mwenyewe. Mwaka 1938 yalianza mashindano ya wachezaji wa kulipwa yaliyoitwa Greater Greensboro Open, yakachezwa Sedgefield na katika klabu nyingine iitwayo Starmount Forest. Mshindi wa kwanza alikuwa Sam Snead, aliyekuja kuyashinda mashindano hayo mara nane. Ushindi wake wa mwisho hapo ulikuwa mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 52, na hakuna mchezaji mwenye umri mkubwa zaidi yake aliyewahi kushinda katika mfululizo mkuu wa mashindano ya Marekani.

Vilabu hivyo vilikuwa mali ya watu binafsi. Mtu mweusi aliingia humo kwa kazi tu: kubeba fimbo za wachezaji, kupika, kuhudumu mezani au kukata majani. Hali hiyo haikuwa ya Greensboro pekee, bali ilikuwa desturi ya majimbo yote ya kusini, ambako sheria iliwatenganisha watu weusi na Wazungu katika shule, mabasi, mikahawa na hata makaburi. Wasikilizaji wenye umri mkubwa waliokulia Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni watakumbuka kwamba huko nako palikuwa na vilabu ambavyo Mwafrika aliviona ndani kwa kupitia mlango wa jikoni tu.

Lakini klabu ya mtu binafsi ni jambo moja, na uwanja wa umma ni jambo jingine.

Gillespie Park

Mwaka 1941 mji wa Greensboro ulifungua uwanja wake wenyewe, uliopewa jina la Gillespie Park. Ulikuwa na mashimo 18, ambayo ndiyo hesabu kamili ya mchezo wa gofu, na ulichorwa na Perry Maxwell, mmoja wa mafundi waliosifika sana wakati huo. Sehemu ya ardhi ilikuwa mali ya mji na sehemu nyingine mali ya bodi ya shule. Ujenzi ulisaidiwa na fedha za serikali kuu ya Washington, kupitia shirika lililoundwa na Rais Franklin Roosevelt ili kuwapatia ajira watu waliokosa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi.

Kwa maneno mengine, kila aliyelipa kodi alikuwa ameuchangia uwanja huo. Watu weusi walilipa kodi kama wengine, lakini hawakuruhusiwa kucheza.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 raia weusi wa Greensboro waliuomba uongozi wa mji uwaruhusu kuutumia uwanja huo. Jibu lilikuja kwa njia mbili. Kwanza, mji uliwatengea watu weusi uwanja mwingine uitwao Nocho Park, wenye mashimo tisa tu, karibu na mtambo wa kusafishia maji machafu. Pili, Gillespie Park ulikodishwa kwa klabu isiyokuwa ya kibiashara, kwa kodi ya dola moja kwa mwaka.

Mpango huo wa pili ndio uliokuwa na hila zaidi. Kwa mujibu wa karatasi, Gillespie Park haukuwa tena uwanja wa umma, bali klabu yenye wanachama na wageni wao waalikwa, na klabu ina haki ya kuchagua nani aingie. Kwa vitendo hakuna kilichobadilika. Ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani ulionesha kwamba Wazungu wasiokuwa wanachama waliendelea kucheza kwa kulipa ada ya siku tu, bila ya kuulizwa kadi wala mwaliko. Sharti la uanachama lilikumbukwa pale tu mtu mweusi alipofika mlangoni.

Siku ya Jumatano, tarehe 7 Desemba

George Simkins alikuwa daktari wa meno. Alizaliwa mwaka 1924, baba yake naye akiwa daktari wa meno, na alikuwa na kazi nzuri na heshima katika jamii yake. Alikuwa pia mchezaji hodari wa gofu aliyechoshwa na Nocho Park.

Wakati huo upepo ulikuwa umeanza kubadilika. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Tarehe 7 Novemba mwaka 1955, katika kesi iliyofunguliwa na familia ya Holmes ya mjini Atlanta, mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba mji hauwezi kuwazuia watu weusi kutumia viwanja vya gofu vya umma. Na tarehe 1 Desemba, huko Montgomery katika jimbo la Alabama, mama mmoja mshonaji aitwaye Rosa Parks alikataa kumwachia Mzungu kiti chake ndani ya basi.

Siku sita baadaye, Jumatano ya tarehe 7 Desemba, Simkins na wenzake watano walikwenda Gillespie Park. Wenzake hao walikuwa Phillip Cooke, Samuel Murray, Elijah Herring, Joseph Sturdivant na Leon Wolfe. Waliomba kucheza, wakakataliwa kwa sababu hawakuwa wanachama. Basi kila mmoja akaweka mezani senti 75, ambayo ndiyo iliyokuwa ada ya siku, wakatoka nje na kuanza kucheza.

Msimamizi wa uwanja aliwafuata na kuwaamuru waondoke. Hawakuondoka. Jioni ya siku hiyo wakakamatwa na polisi kwa kosa la kuingia mahali pasipo ruhusa. Hivyo ndivyo walivyopata jina ambalo limebaki katika historia ya mji huo: Sita wa Greensboro.

Kesi mbili, hukumu mbili

Kuanzia hapo shauri hilo lilipita katika njia mbili, na njia hizo zilifika mahali tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya jinai. Mahakama za jimbo ziliwatia hatiani wanaume hao sita. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ilisimamisha hukumu ya mwanzo kwa kasoro ya kisheria, kwani jina la klabu iliyokodishwa uwanja lilikuwa limekosewa katika hati ya mashtaka. Wakashtakiwa upya, wakatiwa hatiani tena na kuhukumiwa kifungo.

Njia ya pili ilikuwa ya madai. Simkins na wenzake waliushitaki mji wa Greensboro katika mahakama ya serikali kuu, wakidai kwamba ukodishaji ule wa dola moja ulikuwa pazia tu. Mwaka 1957 Jaji Johnson Hayes alikubaliana nao. Alieleza kwamba mji hauwezi kuukimbia wajibu wake wa kikatiba kwa kumkabidhi mtu mwingine mali ya umma, kisha mtu huyo akafanya ule ubaguzi ambao mji wenyewe umekatazwa kuufanya. Mji ulikata rufaa na kushindwa.

Ikawa sasa jambo la ajabu. Mahakama moja imesema kwamba wanaume hao walinyimwa haki yao kwa sababu ya rangi, na mahakama nyingine imewahukumu kifungo kwa sababu waliitumia haki hiyo hiyo.

Rufaa ya kesi ya jinai ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mjini Washington, na uamuzi ukatolewa tarehe 27 Juni mwaka 1960. Kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama ilikataa kuifuta hukumu. Sababu iliyotolewa na Jaji Potter Stewart haikuhusu haki wala rangi. Ilihusu makaratasi: hukumu ya Jaji Hayes haikuwa imeingizwa ipasavyo katika kumbukumbu za rufaa zilizopelekwa kwenye mahakama ya juu ya jimbo, na kwa hiyo, alisema, mahakama hiyo haikulazimika kuizingatia. Jaji Mkuu Earl Warren na wenzake watatu walipinga vikali, wakisema kwamba mahakama ya jimbo ilikwisha kuufahamu uamuzi huo na isingeweza kujifanya kuwa haukuwepo.

Basi wanaume hao walikabiliwa na jela, ilhali mahakama ya serikali kuu ilikwisha thibitisha kwamba walikuwa na haki ya kucheza. Waliokolewa na Gavana wa North Carolina, Luther Hodges, aliyeondoa adhabu ya kifungo.

Moto na kufuli

Hata ushindi wa mwaka 1957 haukuleta gofu. Takriban wiki mbili kabla ya amri ya Jaji Hayes kuanza kutumika, jumba la klabu la Gillespie Park liliteketea kwa moto. Uongozi wa mji haukulijenga upya. Badala yake uliufunga uwanja kabisa, kwa Wazungu na kwa watu weusi.

Njia hiyo ilitumiwa na miji mingi ya kusini katika miaka hiyo. Mahakama ilipoamuru kwamba bwawa la kuogelea, bustani au uwanja wa michezo uwe wa wote, uongozi wa mji ulichagua kutokuwa nacho kitu hicho kuliko kukitumia pamoja. Walioumia hawakuwa weusi peke yao. Mfanyakazi Mzungu wa kiwanda cha nguo, ambaye hakuwa na uwezo wa kulipia uanachama wa Sedgefield, naye alipoteza uwanja wake wa bei nafuu. Tajiri aliendelea kucheza katika klabu yake.

Wakati uwanja umefungwa, Greensboro ulijulikana duniani kwa jambo jingine. Tarehe 1 Februari mwaka 1960 wanafunzi wanne weusi wa chuo cha North Carolina A&T walikaa kwenye meza ya chakula ya duka la Woolworth, meza iliyotengewa Wazungu, wakakataa kuondoka. Kitendo chao kiliigwa katika miji mingi ya kusini. Simkins, ambaye tangu mwaka 1959 alikuwa mwenyekiti wa tawi la Greensboro la NAACP, chama cha kupigania haki za watu weusi, aliwatafutia msaada wa shirika la CORE lililokuwa na uzoefu wa migomo ya aina hiyo. Mwezi Julai mwaka huo duka hilo likaanza kuwahudumia watu weusi.

Sifford aja Sedgefield

Mwezi Aprili mwaka 1961 mtu mweusi alicheza katika uwanja bora wa Greensboro mbele ya umati. Huyo alikuwa Charlie Sifford, mzaliwa wa Charlotte, ambaye katika utoto wake alibeba fimbo za Wazungu klabuni. Wakati huo katiba ya chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, PGA, bado ilikuwa na kipengele kilichowekwa mwaka 1934 kilichotaka wanachama wawe Wazungu tu.

Sifford alialikwa kwenye mashindano ya Greater Greensboro Open katika uwanja wa Sedgefield, akawa mtu mweusi wa kwanza kushiriki mashindano ya ngazi hiyo katika majimbo ya kusini. Siku ya kwanza alipiga 68 na kuongoza. Usiku huo alipigiwa simu ya vitisho. Siku iliyofuata kikundi cha watazamaji kilimfuata kutoka shimo hadi shimo kikimtukana. Aliendelea kucheza, na mwishoni akashika nafasi ya nne pamoja na wengine. Mwezi Novemba mwaka huo huo PGA ilikifuta kile kipengele cha rangi.

Sifford alishinda mashindano makubwa mwaka 1967 na mwaka 1969, mwaka 2004 akaingizwa katika orodha ya magwiji wa gofu duniani, na mwaka 2014 Rais Barack Obama alimtunukia nishani ya juu kabisa anayopewa raia wa Marekani. Alifariki dunia mwezi Februari mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 92.

Kuhusu Gillespie Park, uongozi wa mji hatimaye ulisalimu amri. Tarehe 7 Desemba mwaka 1962, miaka saba kamili tangu siku ile ya senti 75, uwanja ulifunguliwa tena, safari hii kwa watu wote. Aliyepiga mpira wa kwanza alikuwa George Simkins. Lakini yale mashimo 18 aliyoyachora Maxwell hayakurudi yote. Mji ulifungua mashimo tisa tu.

Kutoka uwanjani hadi hospitalini

Lau kisa hiki kingeishia hapo, kingebaki kuwa habari ya wapenzi wa gofu. Lakini Simkins alikuwa amejifunza jambo moja katika kesi yake: fuata fedha. Mahali palipojengwa kwa fedha za umma hapawezi kujificha nyuma ya jina la taasisi binafsi.

Kama daktari wa meno, alikuwa na mgonjwa mweusi mwenye jipu la jino aliyehitaji kulazwa. Hospitali ya watu weusi ilikuwa imejaa. Hospitali mbili kubwa za Greensboro, Moses Cone na Wesley Long, hazikumpokea mgonjwa huyo, wala hazikuwaruhusu madaktari weusi kama Simkins kufanya kazi humo kwa haki sawa na wengine. Zote mbili zilijitambulisha kuwa ni taasisi binafsi, na zote mbili zilikuwa zimepokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya ujenzi.

Mwaka 1962 Simkins na madaktari wenzake pamoja na wagonjwa wakafungua kesi. Mahakama ya kwanza iliwakatalia, lakini mwezi Novemba mwaka 1963 mahakama ya rufaa iliamua kwamba hospitali zilizojengwa kwa mpango wa serikali haziwezi kubagua. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza rufaa ya hospitali hizo, na uamuzi ukabaki. Sheria iliyoruhusu hospitali tofauti za Wazungu na za weusi kupata fedha za serikali ikawa imebatilishwa, miezi michache kabla Bunge la Marekani halijapitisha sheria ya haki za kiraia ya mwaka huo.

Mwaka 2016 uongozi wa hospitali ya Moses Cone uliomba radhi hadharani mbele ya Daktari Alvin Blount, aliyekuwa wa mwisho kuwa hai miongoni mwa waliofungua kesi hiyo. Simkins hakuishi kuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 2001. Mwaka huo huo wa 2016 sanamu yake ilisimikwa mbele ya jengo la zamani la mahakama katikati ya Greensboro.

Viwanja vya leo

Mpenzi wa gofu anayefika Greensboro katika miaka hii ana mengi ya kuchagua. Mashindano yale ya mwaka 1938, ambayo sasa yanaitwa Wyndham Championship, yalihamia kwingine mwaka 1977, na tangu mwaka 2008 yamerudi Sedgefield, ambako huchezwa kila mwaka. Siku za mashindano mtu yeyote mwenye tikiti anaweza kutembea juu ya majani ya Donald Ross, lakini siku nyingine Sedgefield ni klabu ya wanachama.

Asiyekuwa mwanachama ana uwanja wa Bryan Park, kaskazini-mashariki mwa mji, wenye mashimo 36. Mwaka 2010 ulipewa heshima ya kuandaa mashindano ya taifa ya wachezaji wa ridhaa wa viwanja vya umma, na hiyo ni dalili kwamba uwanja wa watu wote unaweza kuwa na sifa sawa na ule wa matajiri.

Na upo Gillespie Park wenyewe, kusini kidogo ya katikati ya mji, ukiwa bado na mashimo tisa. Kwa ufundi wa mchezo hauwezi kushindana na Sedgefield. Mtoto anayejifunza kushika fimbo anaweza kucheza hapo, na mgeni asiyejulikana na mtu anaweza kufika, akalipa ada ya siku na kuingia uwanjani bila ya kuulizwa mwaliko. Jambo hilo dogo ndilo ambalo watu sita waliliendea wakiwa na senti 75 kila mmoja, na likawachukua miaka saba kulipata.